Uzi: Ramani ya hewa ya Mwanza niliyoisambaza ilikuwa na kosa, naomba niieleze upya

#1 Mawe ya Bwiru

Wakuu, habari za jioni.

Mwaka jana kuna ramani ilizunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp ya hapa Mwanza. Ile yenye wekundu uliofuata ukingo wa ziwa kuanzia Bwiru, Kirumba, Capri Point mpaka Nyegezi, juu imeandikwa "NO2 kutoka angani". Niliichora mimi, kwa wastani wa miaka kadhaa. Baadaye ikaonyeshwa ukutani kwenye kikao kimoja, na mtu akasimama akasema kwa uhakika kabisa kwamba wabanikaji samaki wa pembeni mwa ziwa ndio wanaochafua hewa ya mji. Wakuu, ule wekundu haukuwa moshi. Imenichukua miezi kuelewa ulitoka wapi. Nimeona vijana wengi sasa wanapakua data hizi na kuchora ramani za miji yao, kwa hiyo naandika kwa urefu. Mwenye haraka aje kesho.

Chombo chenyewe kinaitwa TROPOMI, kimebebwa na setelaiti ya Ulaya, Sentinel-5P, iliyorushwa tarehe 13 Oktoba 2017. Kiko kilomita 824 juu yetu, kinafagia upana wa kilomita 2,600 kwa mkupuo, na Mwanza hupita mchana, kwa kawaida karibu na saa nane na robo kwa saa zetu. Hakinusi hewa. Kinatazama mwanga wa jua ambao umeshuka, ukagonga ardhi au maji, ukarudi juu. Kila gesi hufyonza mwanga kwa alama zake, kama alama za vidole. Za nitrojeni dayoksaidi, yaani NO2, zinasomwa kwenye mwanga wa buluu kati ya nanomita 405 na 465. Kompyuta inachukua mwanga uliorudi, inaulinganisha na mwanga wa jua lenyewe kabla haujaingia hewani, na kinachokosekana ndicho kinachohesabiwa.

Jibu la kwanza huitwa safu mshazari: molekuli zote ambazo mwanga umekutana nazo njiani, kushuka na kupanda. Hatua hii ni imara. Hatua ya pili ni kutoa NO2 ya juu kabisa, ya stratosfia, ambayo haina uhusiano na magari wala majiko yetu. Kwa mji kama wetu usio na viwanda vingi vikubwa, sehemu kubwa ya NO2 kwenye safu nzima iko huko juu, kwa hiyo kosa dogo kwenye kutoa linabaki kubwa kwenye kilichosalia. Hapo wenzetu hutumia modeli ya hewa ya dunia nzima kukadiria, na kwa sehemu zetu za ikweta kazi hiyo huenda vizuri kiasi.

Hatua ya tatu ndiyo iliyoniangusha. Ile safu mshazari lazima igawanywe ili upate safu wima, yaani gesi iliyosimama juu ya kichwa chako. Kigawanyo hicho hakipimwi. Kinakokotolewa, na ili ukikokotoe lazima mtu akupe pembe ya jua na ya chombo, urefu wa ardhi, ardhi au maji yanaakisi mwanga kiasi gani, wingu liko wapi na zito kiasi gani, na gesi yenyewe imejipanga vipi kutoka chini kwenda juu. Pembe tunazijua. Urefu tunaujua, ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Vilivyobaki ni makadirio kutoka kwenye majedwali na modeli.

Sasa sikilizeni habari ya wingu. Kujua urefu wa wingu, hutumika oksijeni, kwa sababu karibu na nanomita 760 oksijeni hufyonza mwanga kwa nguvu. Wingu likiwa juu, mwanga unarudi mapema bila kupita kwenye oksijeni nyingi. Lakini hesabu hiyo inadai ujue uso wa chini unaakisi kiasi gani pale pale kwenye 760. Na kwenye 760 majani mabichi yanang'aa mno, wakati maji ni karibu meusi. Kwenye matoleo ya zamani ya data, majedwali ya uakisi yalitokana na vyombo vya zamani na visanduku vyake vilikuwa vikubwa. Kisanduku kimoja kinameza maji ya Ghuba ya Mwanza, mawe ya Bwiru na mashamba ya Kisesa kwa pamoja, kisha kinatoa namba moja ya katikati. Matokeo yake nchi kavu ya ufukweni inadhaniwa nyeusi kuliko ilivyo, na maji ya ufukweni yanadhaniwa meupe kuliko yalivyo. Wingu linapewa urefu usio wake, kigawanyo kinapotoka, na NO2 inapanda au kushuka kwa kufuata mstari wa ziwa.

Niligunduaje? Nilitenganisha Jumapili na siku za kazi: wekundu ule ule. Nikatenganisha kiangazi na masika: ule ule. Moshi wa watu una ratiba, unajua Jumapili, unajua mvua. Huu haukujua chochote. Halafu nikachora urefu wa wingu peke yake, bila gesi yoyote ndani yake, na ukingo wa ziwa ukajichora wenyewe kuanzia Bwiru mpaka Nyegezi. Usiku ule sikulala vizuri, nikifikiria kile kikao.

#2 Dagaa Mchele

Mkuu shukrani kwa somo. Ila sijaelewa kitu kimoja. Ulisema ramani ilikuwa wastani wa miaka kadhaa. Kwani wastani si unafuta makosa? Hivyo ndivyo tulivyofundishwa takwimu.

#3 Mawe ya Bwiru

*Dagaa Mchele ameandika: Kwani wastani si unafuta makosa?*

Unafuta kelele, kaka, haufuti upotofu.

Chukua mzani wa soko la samaki la Mwaloni. Mshale ukitikisika kwa sababu ya upepo, pima samaki yule yule mara mia, chukua wastani, mtikisiko unapungua mara kumi. Hiyo ni kelele, na kwenye TROPOMI ipo kweli. Kwa mji mdogo kelele ya pikseli moja, yaani kitone kimoja cha picha, inakaribia ukubwa wa kile unachokitafuta, ndiyo maana lazima tukusanye siku nyingi. Lakini kama mshale unaanzia nusu kilo kabla hujaweka samaki, pima mara elfu kumi, kila samaki atazidi nusu kilo. Wastani utakachofanya ni kulichora kosa hilo kwa mstari mkali zaidi. Ndicho kilichonipata. Kadiri nilivyoongeza miezi, ule ukingo mwekundu ulizidi kuwa safi na mzuri, nami nikauamini zaidi.

Na kuna jambo jingine kuhusu wastani wa hapa kwetu. Tunabakiza pikseli zenye alama ya ubora ya zaidi ya 0.75, maana yake zile zenye mawingu mengi zinatupwa. Mchana mawingu hujengeka juu ya nchi kavu na ziwa linabaki wazi. Wavuvi mnajua, ngurumo za ziwani ni za usiku. Kwa hiyo juu ya maji unapata siku nyingi, na upande wa Usagara na Misungwi unapata chache, tena masika unaweza kukosa kabisa. Unapoweka rangi moja juu ya vyote viwili, unalinganisha wastani wa siku tofauti.

#4 Mzee wa Mwaloni

Kijana, mimi ni mmoja wa hao wabanikaji. Kile kikao nilikisikia. Tulitishiwa kuhamishwa. Nimesoma uliyoandika taratibu, mengine yamenipita, lakini naomba unijibu moja kwa lugha nyepesi. Hicho chombo kinaweza kuliona tanuri langu?

#5 Mawe ya Bwiru

Shikamoo mzee wangu. Kabla ya jibu, nakuomba radhi wewe na wenzako. Ramani ilitoka mikononi mwangu kabla sijaikagua.

Jibu: hapana, hakiwezi. Kitone kidogo kabisa ambacho TROPOMI inakiona ni kilomita 5.5 kwa 3.5, na mpaka Agosti 2019 kilikuwa 7 kwa 3.5. Unalijua daraja la Kigongo–Busisi, lile refu la kilomita 3 hivi? Lote linaingia ndani ya kitone kimoja. Katika kitone kinachofunika Kirumba umo wewe, zimo bodaboda, daladala, meli, jenereta, uwanja wa ndege, na kipande kikubwa cha maji. Namba inayotoka ni moja kwa wote.

Tena NO2 huzaliwa hasa kwenye moto mkali sana, kama ndani ya injini. Kuni zinazofuka kwenye tanuri hutoa zaidi kaboni monoksaidi na chembe za moshi. Kwa hiyo hata kama wekundu ule ungekuwa wa kweli, NO2 ilikuwa gesi isiyofaa kumtuhumu mbanikaji.

Mzee, simaanishi moshi wa tanuri hauna madhara. Macho na mapafu ya mama anayesimama juu yake kutwa yanajua. Ila hilo linapimwa pale pale tanurini, kwa kifaa cha chini.

#6 Nyegezi Kona

Habari kaka. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mradi wangu ni NO2 ya Mwanza 2018 hadi 2022. Nimefuata maelezo yako yote nikaogopa. Kwenye grafu yangu kuna mruko mwanzoni mwa 2021, na nimeshaandika kwenye rasimu kwamba magari yaliongezeka baada ya korona. Data nilizipakua kidogo kidogo kwa miaka tofauti.

#7 Mawe ya Bwiru

Dada, usiwasilishe hiyo rasimu bado. Fungua mafaili yako, tazama namba ya toleo ndani ya kila moja.

Mwishoni mwa 2020, kwenye toleo la 1.4, njia ya kukokotoa urefu wa wingu ilibadilishwa. Mawingu ya chini yaliyokuwa yanawekwa karibu mno na ardhi yakapandishwa, na NO2 ikaongezeka, hasa sehemu chafu. Hewa ilikuwa ile ile, hesabu ndiyo iliyobadilika. Katikati ya 2021 likaja toleo la 2 lenye mabadiliko mengine. Ukiunganisha mafaili ya zama hizo tofauti, utaona mruko ambao hakuna gari lililousababisha. Zamani ilikuwa vigumu kukwepa, siku hizi si vigumu: mwaka 2022 lilitoka toleo la 2.4, na data zote za nyuma mpaka 2018 zikachakatwa upya kwa njia moja. Toleo hilo pia limebadilisha jedwali la uakisi, sasa linatoka kwenye vipimo vya TROPOMI yenyewe kwa visanduku vya digrii 0.125, kama kilomita 14. Nilipochora upya kwa toleo hilo, ule ukingo wangu mwekundu ulipungua sana. Haukuisha.

Pakua zote upya. Najua bando ni gharama. Kata eneo dogo la ziwa kwanza, usichukue dunia nzima.

#8 Fundi Boti

Naomba kuchangia kama mtu ninayeshinda majini. Umesema majani yanang'aa na maji ni meusi. Na magugu maji je? Kuna wiki ghuba inafunikwa kiasi kwamba injini inanyongwa, wiki inayofuata upepo umeyabeba hayapo. Jedwali lenu linajua hilo?

#9 Mawe ya Bwiru

Fundi, wabeja sana. Hili swali sijawahi kulikuta kwenye maandiko niliyosoma, na linagusa penyewe.

Jedwali halijui. Linatoa namba moja kwa mwezi, imekusanywa kwa miaka. Gugu maji ni jani, kwa hiyo kwenye nanomita 760 linang'aa kama shamba. Zulia lake likijaza sehemu kubwa ya pikseli, chombo kinaona mwangaza ambao jedwali linasema haupaswi kuwepo juu ya maji, na kitu pekee ambacho hesabu inaweza kukilaumu ni wingu. Siku hiyo pikseli inaweza kupewa wingu la kubuni. Mazulia madogo hayatasumbua. Yale makubwa ya kwenye ghuba nyembamba yanaweza. Ukiniandikia tarehe unazokumbuka na mahali, nitazitafuta moja moja na kuangalia wingu lilisomekaje. Hakuna mtu Ulaya anayeweza kuuliza swali hili isipokuwa ameshawahi kunyongewa injini.

#10 Igoma Njia Panda

Binafsi naona tunajichosha. Data ni zao, majedwali ni yao, modeli ni zao. Sisi tunabaki kusahihisha kazi ya wengine. Bora tungoje serikali inunue vifaa vya chini.

#11 Mawe ya Bwiru

Vifaa vya chini nakubali, tunavihitaji mno. Lakini kungoja sikubaliani nako, na nitakuambia kwa nini.

Mwaka 1995 chombo cha kwanza cha aina hii, GOME, kilikuwa na kitone cha kilomita 320 kwa 40. Kitone kimoja kilianzia Bukoba kikaishia katikati ya Serengeti. Mwaka 2004 ikaja OMI, kilomita 24 kwa 13 kwa kitone cha katikati, yaani karibu Mwanza mjini mpaka Sengerema. Leo tuko kwenye 5.5 kwa 3.5. Chombo kimesonga mbele, lakini kwa upande wetu makadirio yanayokilisha hayajasonga sawa nacho. Ule mpangilio wa gesi kutoka chini kwenda juu, kwa dunia nzima, unatoka kwenye modeli ya visanduku vya digrii 1, karibu kilomita 111. Kwa Ulaya wamechukua data hizi hizi wakaweka mpangilio wa modeli yao ya digrii 0.1, miji yao ikaonekana vizuri zaidi. Hewa ya Mwanza na hewa ya katikati ya ziwa bado zinapewa mpangilio unaokaribia kufanana. Mji unapewa sura ya hewa safi ambamo gesi imetawanyika juu, wakati kwetu imelala chini karibu na bomba la gari. Chini ndiko chombo kinakoona kwa shida, kwa hiyo mji unahesabiwa pungufu.

Yaani ramani yangu ilikosea mara mbili kwa wakati mmoja. Ilizidisha mahali ambapo palikuwa na ukingo wa maji, ikapunguza mahali ambapo pana mji. Mwanza halisi ilikuwa imefichwa chini ya mstari wa ziwa.

Na hili halihitaji kibali cha mtu. Data ni bure, na waliotengeneza faili wameacha mlango wazi kwa makusudi: kila pikseli ina namba za unyeti, yaani chombo kinaona kila tabaka kwa kiasi gani, kwa tabaka 34 za hewa, ili mwenye mpangilio bora auweke wake.

Jambo jingine nililosahau kwenye posti ya kwanza ni saa. Saa nane mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu. Moshi wa Kirumba na Nyakato muda huo unasukumwa bara. Usiku upepo unageuka na kuupeleka majini, lakini usiku chombo hiki hakioni kwa sababu hakuna jua. Foleni ya asubuhi pia haionekani, kwa kuwa NO2 ya mchana huishi saa chache tu. Kaboni monoksaidi ni tofauti, hiyo huishi wiki kadhaa, kwa hiyo ukiiona juu ya Mwanza mwezi wa nane usikimbilie kuulaumu mji. Inaweza kuwa ni mioto ya mapori ya Tabora na Katavi, au ya mbali zaidi.

#12 Nyegezi Kona

Nimerudi, kaka. Imechukua wiki mbili. Toleo la 2.4 pekee, ubora zaidi ya 0.75. Mruko wa 2021 haupo. Nimefuta kile kipengele cha magari na msimamizi wangu nimemweleza, kanielewa.

Sasa nimepata mpangilio wa CAMS, modeli ya hewa ya dunia nzima, wa digrii 0.4, si mzuri kama wa Ulaya ila ni bora kuliko 1. Naomba hatua za kuuweka. Nimekwama kwenye zile namba 34.

#13 Mawe ya Bwiru

Hongera sana dada. Fanya hivi.

Kwanza, namba za unyeti ulizo nazo ni za safu nzima. Zizidishe na uwiano wa kigawanyo cha safu nzima kwa kigawanyo cha troposfia (hewa ya chini, tunamoishi), vyote viwili vimo ndani ya faili. Tabaka zote za juu ya tropopozi, yaani mpaka wa troposfia na stratosfia, ziweke sifuri. Wengi wanairuka hatua hii na matokeo yao hayafai.

Pili, uhamishe mpangilio wa CAMS uingie kwenye tabaka zile zile, kwa shinikizo la kila pikseli. Uwe ni kiasi cha NO2 ndani ya tabaka, usichukue uwiano wa mchanganyiko ukauacha hivyo hivyo. Na uchukue wa saa ya setelaiti kupita, usichukue wastani wa siku.

Kisha zidisha kila tabaka na unyeti wake, jumlisha, gawanya kwa jumla ya NO2 ya troposfia katika mpangilio huo. Utakachopata kizidishe na kigawanyo cha zamani cha troposfia, hicho ndicho kigawanyo kipya. Safu mpya ni safu ya zamani mara kigawanyo cha zamani, gawanya kwa kipya. Kwenye Python ni mistari michache. Fanya pikseli moja kwa mkono, kwenye karatasi, kabla ya kuachia maelfu.

Uakisi na wingu hautavigusa kwa njia hii, kumbuka. Mpangilio pekee ndio utabadilika. Pikseli zenye nusu maji nusu nchi kavu mimi naziweka kwenye kundi lake na siziunganishi na za mjini.

#14 Mzee wa Mwaloni

Mimi hesabu hizo siwezi. Lakini paa ninalo, na wenzangu wanayo. Mkitaka kuweka hicho kifaa cha chini, njooni.

#15 Mawe ya Bwiru

Mzee, tunakuja.

Kwa wengine: tutatumia vibomba vya plastiki vya sentimita 7 hivi, vimezibwa juu, ndani kuna wavu mdogo wa chuma uliopakwa trietanolamini inayonasa NO2. Havihitaji umeme. Vinaning'inizwa mdomo ukitazama chini, vinaachwa wiki mbili hadi nne, halafu vinasomwa maabara. Havipimi safu yote, vinapima hewa ya kimo cha mtu, kwa hiyo hatutalinganisha namba kwa namba na setelaiti. Tutalinganisha umbo: je, kutoka majini kwenda mjini NO2 inapanda pale ukingoni kama ramani yangu ilivyodai, au inapanda barabarani?

Ninavyo 24. Nimepanga kuvipachika kwa mstari: kimoja kwa Fundi kwenye boti iliyotia nanga, viwili Mwaloni kwa mzee, vingine kupanda Kirumba, Nyakato, Buzuruga mpaka Igoma, na vitatu Kisesa mbali na barabara. Vinne vitabaki vimefungwa bila kufunguliwa, vitasafiri na vingine ili tujue mzani wetu unaanzia wapi.

Tunaanza Jumamosi saa moja asubuhi, kivuko cha Kamanga. Igoma Njia Panda, nguzo iliyo mbele ya duka lako nimeiandikia namba 17.

#16 Igoma Njia Panda

Nitakuwepo. Nitaleta ngazi.